Kidole cha Mbuzi

Kakuma, 14 Aprili 2025

Mjomba Ebenyo,

Ejok, salamu kwako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama Carol, na kwamba maji ya bomba yamerudi mtaani kwenu. Huku mvua ilinyesha siku mbili, ikajaza laga, mto ule mkavu, ikaondoka. Ua la miiba la kaburi la mama nimelizungushia upya kwa sababu mbuzi wa majirani walikuwa wanaingia. Wetu wamebaki saba. Yule mweupe uliyemleta siku ya mazishi amezaa pacha, mmoja akafa.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Laini niliyokuwa natumia iliandikishwa kwa jina la jirani, naye amehama na kuifunga. Siwezi kuandikisha yangu bila kitambulisho. Anayekuletea karatasi hii ni Ngugi, dereva wa lori la mboga kutoka Kitale, ambaye hupita Lodwar akija na akirudi. Amesema, "Mwambie mjomba wako mimi si posta, lakini nikipewa chai ya maziwa naweza kuwa." Mpe chai.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha uuguzi hapo Lodwar kimenipa nafasi ya Septemba na kinataka nakala ya kitambulisho. Mwezi wa Februari nilikwenda kukiomba, nikiwa na cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu. Niliweka vidole kwenye mashine. Karani akatazama kioo cha kompyuta, akamwita mwenzake, wakatazama wote wawili. Kisha akaniuliza, "Sylviane ni nani?"

Nikasema sijui. Ulikuwa uongo.

Sidhani mama aliwahi kukueleza, kwa hiyo nakueleza mimi. Mwaka ule wa ukame, 2011, nilikuwa na miaka sita. Mifugo ya baba iliisha, kisha baba mwenyewe. Mama alikuwa akiwauzia wakimbizi kuni. Mmoja wa wateja wake, mama Clotilde kutoka Burundi, alikuwa amempoteza binti yake kwa homa wiki chache kabla, na jina la mtoto lilikuwa bado kwenye kadi yake ya chakula. Wakati huo kambini walianza kuchukua alama za vidole. Mtoto asiye na kidole angefutwa. Mama alinipeleka, karani akachukua vidole vyangu, nikawa Sylviane. Mgao wa Sylviane wale wanawake wawili waligawana nusu kwa nusu mpaka mvua iliporudi. Tulikula. Nakumbuka kibanda cha mabati na foleni ndefu. Sura ya karani siikumbuki, jua lilikuwa nyuma yake.

Ningekuja mwenyewe kukuona. Lakini kwenye kizuizi cha polisi wanataka kitambulisho, au ruhusa ya kusafiri ya mkimbizi. Cha kwanza sina, na nikiomba ya pili nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mkimbizi.

Wewe uko ofisi ya vitambulisho. Nauliza tu: jina likishaingia kwenye orodha ya wakimbizi, hutolewaje?

Mpwa wako,
Atiir


Lodwar, 9 Mei 2025

Mpwa wangu Atiir,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Joto limezidi, feni ya ofisi imekufa, na maji ya bomba hayajarudi. Mama Carol anasumbuliwa na magoti. Carol yuko chuoni Eldoret, mwaka wa pili sasa. Kitambulisho chake kilitoka kwa siku tisa, jambo ambalo hapa kwetu ni la ajabu. Nakupongeza kwa nafasi ya chuo. Marehemu dada yangu angefurahi. Ngugi alikunywa vikombe viwili.

Kuhusu swali lako. Jina halitolewi na ofisi yetu. Hutolewa baada ya zoezi la uhakiki, ambalo hutangazwa. Likitangazwa, uende mapema, uvae vizuri, ujibu unachoulizwa na usiongeze. Nitaulizia pia kwa wenzangu. Mambo haya yana utaratibu wake, na anayeukimbilia huurudisha nyuma.

Si vizuri kuandika habari za Sylviane kwa urefu vile. Ngugi ni mtu mwema, lakini karatasi haina mlango. Barua yako nimeichoma. Na kwa vile mwaka ule mimi nilikuwa Lokitaung, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, mambo ya kambini siyajui.

Nimebakiza miezi minane na siku kadhaa nistaafu. Wananiuliza nataka sherehe ya mbuzi au ya ng'ombe.

Mjomba wako,
Ebenyo


Kakuma, 2 Agosti 2025

Mjomba,

Ejok. Pole kwa magoti ya mama Carol. Mwambie ajaribu mafuta ya mbuni, yanauzwa hapa sokoni, naweza kumpa Ngugi chupa. Sisi tupo. Kambini chakula sasa kinagawanywa kwa makundi, wengine wanapata kidogo, wengine hawapati kabisa, na kuni haziuziki kwa sababu mtu asiye na cha kupika hanunui kuni. Serge, kijana wa mama Clotilde, amefukuzwa kazi ya kufundisha watoto. Mradi umefungwa.

Uhakiki ulitangazwa mwishoni mwa Juni. Kwa orodha ya chifu tulikuwa mia tatu na kumi na wawili, wote Waturkana wa hapa, wote tuliokula kwa jina la mtu mwingine tukiwa watoto. Siku ya kwanza tulifika saa kumi na mbili asubuhi, ofisi ikafunguliwa saa nne. Siku ya pili haikufunguliwa. Siku ya tatu akina mama walikaa langoni na sufuria tupu wakazipiga mpaka polisi wakaja, na polisi wenyewe walisimama tu, kwa sababu wawili wao wana ndugu kwenye orodha.

Ndipo mkubwa akaja kutoka Nairobi kwa ndege. Alianza kwa kusema kuwa serikali ina masikio. Mama mmoja nyuma akasema kwa Kiturkana kwamba hata punda anayo, tena makubwa zaidi. Mkalimani hakutafsiri. Mkubwa alisema faili zetu ziko kwenye hatua ya mwisho. Kijana mmoja akamuuliza hatua ya mwisho ina vyumba vingapi. Watu walicheka, yeye akacheka pia, na saa sita akaondoka kabla maombi ya kufunga hayajaisha.

Zamu yangu ilifika Julai 17. Meza ilikuwa na wazee watatu na afisa mmoja mwenye kompyuta. Mzee Emuron, ambaye alimjua baba, aliniuliza mifugo ya baba ilichomwa alama gani. Nikaichora mavumbini kwa kidole: mstari kutoka bega hadi pajani, na vipande viwili vya mstari chini ya sikio. Akauliza, "Na wewe unavaa alama ya nani?" Nikasema ya baba, kwa sababu sijaolewa. Akamgeukia afisa. "Huyu ni wetu. Mrundi gani anajua vipande vya chini ya sikio?"

Afisa akaandika. Kisha akasema, "Wazee wamekubali. Kompyuta haijakubali."

Alinieleza vizuri, sina la kumlaumu katika maelezo. Kwenye rekodi, niliandikishwa na Karani Namba 14. Njia ya kunitoa ni Karani 14 mwenyewe aandike kwamba alijua mimi si Sylviane, kisha agonge muhuri wa ofisi anayofanyia kazi sasa. Nikauliza Karani 14 ni nani. Akasema orodha ya makarani wa mwaka huo ilikuwa kwenye daftari, na daftari lilikwenda Lodwar.

Chuo kimekubali kunishikia nafasi hadi kundi la Machi. Baada ya hapo wanampa mwingine.

Ninachoomba ni hilo daftari, mjomba. Au jina tu. Makarani wengi wa wakati ule lazima waliingia serikalini. Huenda mnakunywa chai pamoja.

Atiir


Lodwar, 20 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Mafuta ya mbuni yamefika, mama Carol anashukuru, ingawa nyumba nzima inanuka. Kwetu ni salama. Shemeji yangu Namuar alilazwa kwa malaria, ametoka. Upepo umeng'oa mabati ya kanisa. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ngugi alipita mara mbili nikiwa kwenye mikutano.

Daftari nimelitafuta. Tulihamia jengo jipya mwaka 2016, na vitu vingi havikufika. Ukiniuliza kama ofisa, jibu ni kwamba halipo. Ukiniuliza kama mjomba, jibu ni hilohilo.

Usimhukumu huyo karani kwa haraka. Wewe unaona namba. Watu wale walikuwa vijana wa vibarua, waliokaa kwenye mabati tangu asubuhi, mbele yao watoto mia nne kwa siku, na kila mtoto ana mama anayelia. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko unavyodhani. Mtoto anayechunga hana alama ya kidole, ngozi imekauka kama kwato, mashine haisomi. Unajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilibidi mtu atumie akili. Unamwambia mtoto kidole hiki ni cha mbuzi, anacheka, mkono unalegea, unachovya kidole kwenye mafuta ya mgao, na mashine inakubali. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Waliolala njaa mwaka ule ni wengi kuliko walioandikishwa.

Endelea kufuata utaratibu. Nakuombea.

Ebenyo


Kakuma, 1 Oktoba 2025

Mjomba Ebenyo,

Ejok. Huku wote wazima.

Sikuwahi kukuandikia kilichotokea kwenye dirisha la karani, mwaka ule wa 2011. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mama, maana alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba na hakusikia. Karani alijaribu kidole changu mara tatu. Kisha akasema, "Hiki ni kidole cha mbuzi." Nilicheka. Alikichovya kwenye mafuta ya kupikia, kwenye kifuniko cha kopo, na nilipofika nyumbani nilikilamba.

Nilikuona uso kwa mara ya kwanza siku ya mazishi ya mama, miaka minne iliyopita. Nilidhani ni mara ya kwanza.

Wewe ni Karani 14?

Atiir


Kakuma, 28 Novemba 2025

Mjomba,

Ngugi anasema alikupa barua yangu mkononi Oktoba 3, uliisoma umesimama, na ulimwambia hakuna jibu. Alipopita tena, mama Carol alisema umekwenda Kaikor kwa kazi. Mara ya tatu alisema umelala. Ilikuwa saa tano asubuhi. Ngugi alisema, "Mjomba wako amejifunza kwa serikali." Sikucheka, lakini si kwamba alikosea.

Sikuja na hasira. Nataka ujue hali ilivyo, kisha uamue.

Nilipowaeleza kwenye uhakiki kwamba mimi si Sylviane, niliwapa pia namba ya kadi ya mama Clotilde. Sikufikiria. Nilidhani ukweli unamhusu anayeusema peke yake. Mwezi wa Oktoba walimwita, wakamuuliza binti yake yuko wapi. Kama anasema yuko hai, ni mimi, na mimi ni Mkenya ninayeiba. Kama anasema alikufa, yeye ndiye aliyeiba miaka kumi na minne. Kadi yao imesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Wako watano kwa kadi hiyo. Wanakula kwa majirani, ambao nao hawana.

Serge hanisalimii. Mama Clotilde ananisalimia. Nilimpelekea maziwa, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, lakini kunywa wewe, uko mwembamba kama miye."

Jambo jingine. Yule afisa wa kompyuta aliniita pembeni akasema kuna njia fupi, niende nyumba ya wageni anakolala tuzungumze kuhusu faili yangu. Sikwenda. Wasichana wawili kwenye orodha walikwenda. Mmoja amepata kitambulisho. Wa pili hajapata. Nakueleza kwa sababu uliniambia nifuate utaratibu, na huo ndio utaratibu uliopo.

Karatasi moja kutoka kwako, yenye muhuri, inanitoa mimi kwenye kompyuta, na inamtoa mama Clotilde kwenye kosa la kupanga uongo, kwa sababu aliyepanga atakuwa amejitaja. Najua inakugharimu. Sijui inakugharimu kiasi gani, kwa sababu hujasema chochote.

Nafasi yangu inafungwa Machi 3.

Atiir


Lodwar, 6 Februari 2026

Mpwa wangu mpendwa Atiir,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sote tu wazima. Nimestaafu tarehe 31 Januari. Walichinja ng'ombe. Mkubwa wetu alitoa hotuba akasema miaka thelathini na moja sina doa. Nilirudisha funguo, muhuri na kiti, wakanipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni. Inakwenda mbele dakika kumi.

Sasa nakujibu.

Ndiyo. Lokitaung nilipelekwa mwaka uliofuata. Mwaka ule nilikuwa kambini, miezi mitano, nimeazimwa kutoka serikalini, Namba 14. Mama yako alikuja kwangu nyumbani jioni. Wakati ule hatukuwa tunaongea, kwa sababu nilikataa mahari ya baba yako kwa kuwa ilikuwa ndogo na hawakunisamehe. Hakuomba msamaha wala hakunipa. Alisema, "Nina mtoto na sina chakula. Wewe una mashine." Nilimwambia alete mtoto kesho, asionyeshe kuwa ananijua. Ndiyo maana alisimama nyuma ya kamba.

Ningeandika Oktoba, ningefukuzwa Novemba, bila pensheni, labda na kesi. Carol bado yuko chuoni. Magoti ya mama Carol yanataka upasuaji. Nilijiambia miezi minne si kitu kwa mtu aliyesubiri tangu Februari. Usiku sikulala, lakini hilo halikusaidii, kwa hiyo silitumii kama hoja.

Habari ya nyumba ya wageni niliisoma. Nilimjua afisa huyo akiwa mwanafunzi wa mazoezi ofisini kwetu. Nilimpa alama nzuri.

Nimeambatisha maelezo yangu, kurasa mbili, nimesaini kila ukurasa na kuandika namba ya kitambulisho changu. Nimeeleza kila kitu, pamoja na mafuta. Peleka haraka. Nimempa Ngugi chai kabla hajaomba.

Mjomba wako, aliyechelewa,
Ebenyo


Kakuma, 27 Februari 2026

Mjomba Ebenyo,

Ejok. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mbuzi wamekuwa tisa. Jua ni kali na laga ni kavu kabisa, watu wanachimba mpaka urefu wa mtu kupata maji.

Maelezo yako yalifika Februari 9. Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza langoni. Afisa aliyasoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, polepole. Aliposoma mahali pa mafuta alitabasamu. Kisha akageuza karatasi nyuma, akairudisha mbele, akauliza, "Muhuri uko wapi?"

Nikamwambia umestaafu.

Akasema, "Basi hii ni barua ya raia. Raia yeyote anaweza kuandika kuwa yeye ni Karani 14." Nikamuuliza kama ungeiandika Januari. Akasema Januari ingekuwa kitu kingine. Alinirudishia kwa adabu. Nimeiweka kwenye sanduku la mama, pamoja na cheti chake cha ubatizo.

Umefanya kazi ya mihuri miaka thelathini na moja. Sikuulizi kama ulijua. Ukinijibu ndiyo, au hapana, nitakuwa na jambo jingine la kubeba, na sina nafasi.

Kwa chuo nimeandika kwamba siji. Ngugi atapeleka. Alisoma anwani akasema, "Na hii nisiipoteze njiani? Naweza." Nikamwambia asiipoteze. Kuna mtu anayeisubiri nafasi hiyo.

Wiki iliyopita kambini walianza kuhesabu upya. Kila mtu aliye kwenye kadi lazima afike mwenyewe na kuweka kidole. Kwa kadi zilizosimamishwa walitoa tangazo: aliyeandikwa akitokea na mashine ikimkubali, uchunguzi unafungwa na kadi inarudi. Asipotokea, kadi inafutwa na wote waliomo wanaondolewa. Siku ya kadi ya mama Clotilde ilikuwa jana.

Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kwake mimi, juzi jioni. Alikuwa anachambua majani ya kunde, Serge amekaa mlangoni. Nikasema kesho nitakuja. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Miye siwezi kukuomba hiyo, mwanangu. Ulisha kunipa mtoto mara moja." Serge akasema, "Ukiweka kidole hutatoka tena. Unajua?" Ni maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Oktoba. Nikasema najua. Akainuka akanipa kiti.

Jana tulipanga foleni tangu saa moja, sisi sita. Si kibanda cha mabati tena, ni hema jeupe, na karani ni kijana mwenye miwani. Mikono yangu ilikuwa safi. Sijachunga tangu nianze sekondari, vidole vyangu ni laini. Mashine ilikubali mara ya kwanza.

Kijana akatazama kioo, akatazama uso wangu, akasoma jina kwa sauti, "Sylviane?"

Nikaitika.

Mpwa wako